Watoto Wasiotolewa Nje

Siku hizi Vestina Ndayikeza akiingia darasani pale chuo cha uuguzi Kasulu, wanafunzi husimama wote wakisema, "Shikamoo Daktari," naye huwakatiza: "Mimi si daktari wa sindano. Kaeni, tuhesabu." Wanacheka. Hawajui udaktari huo ulipatikana kwa ugomvi wa namna gani. Wangejua, pengine wangecheka zaidi, kwa sababu ugomvi wenyewe ulikuwa na vituko vyake, na mwisho wake haukuwa chuoni wala kwenye ukumbi wa mikutano. Ulikuwa uani kwa mama yake mzazi, kijijini Kasanda, wazee wamekaa kwenye viti vya kuazima.

Vestina alizaliwa na kichwa kigumu, na kwao hilo si tusi. Babu na bibi yake walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa na mtoto mgongoni na jembe lisilo na mpini. Wakalima mihogo, wakalima maharage, na kila walipotulia kidogo alikuja mtu kuwahesabu. Walihesabiwa walipovuka. Walihesabiwa walipopewa chakula, wakahesabiwa tena walipoomba uraia, na hata walipoupata uraia wenyewe wakahesabiwa kuhakikisha waliohesabiwa ndio hao hao. Mpaka leo baba yake, mzee Nkunzimana, akimwona mtu njiani ameshika kalamu na karatasi, anageuza baiskeli.

Sasa binti wa nyumba hiyo akaenda kusomea nini? Takwimu! Kuhesabu watu! Kasanda nzima ilishika mbavu. Mwenyewe alipoulizwa kwa nini, alijibu mbele ya watu waliotoka kanisani, "Tumehesabiwa na wengine vya kutosha. Sasa ni zamu yangu." Mama yake, Pelagia, alimfinya mkono ili anyamaze. Weee! Hakunyamaza.

Chuo cha uuguzi kilipomwajiri, manesi hawakumpokea kwa vigelegele. Hapa watu wanajifunza kufunga vidonda na kuzalisha, anakuja dada mmoja mwembamba na chaki, hajawahi kumshika hata mtoto mchanga, anataka kuwafundisha wastani. Walimtania mpaka kwenye mambo yake ya ndani. "Mwalimu, na wewe utazaa lini, au unasubiri wastani?" Aliyekuwa mstari wa mbele katika utani huo ni Safina, mkunga mzoefu aliyekuwa amerudi shule kujiendeleza, mama wa watoto watatu, mtoto wa wenye duka la vitenge pale Kasulu mjini. Babu yake alitoka Tanga na marobota yake ya nguo, akaoa huku, akazikwa huku.

Vestina hakukasirika. Alimuuliza tu, "Sista, wodini kwenu watoto wachanga wanaokufa mwaka huu ni wengi kuliko wa mwaka jana, au wamepungua?"

Safina akafikiri. "Naona kama wamepungua."

"Unaona. Je, unajua?"

Basi. Kuanzia siku ile Safina alikaa kiti cha mbele, na hao wawili wakawa chanda na pete. Mmoja alijua kuzalisha, mwingine alijua kuuliza swali mpaka likatoa jibu.

Miaka ikaenda. Vestina akaanza shahada ya uzamivu chini ya Profesa Pasikali, mkuu wa mradi mkubwa wa utafiti uliokuwa ukituma wahudumu wawatembelee wajawazito na watoto wachanga majumbani, kuanzia Kasulu, Kibondo, mpaka Kakonko. Tumpe Profesa haki yake: hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemwona Vestina wakati wengine wanamwita mwalimu wa kuazima, ndiye aliyempigania apate nafasi ya kusoma. Fadhila hiyo Vestina hakuikana, hata walipofika mahali pa kutazamana kwa jicho la pembe.

Mradi ulipokaribia kwisha, likabaki swali moja: je, vifo vya watoto wachanga vimepungua? Wafadhili walitaka jibu, na wilaya zilitaka jibu zaidi, kwa sababu lingeamua wapi pajengwe vyumba vya joto vya watoto wanaozaliwa hawajakomaa, na wapi waongezwe wakunga. Kazi hiyo akapewa Vestina. Akachagua wadadisi kwa uangalifu: vijana wa huku huku waliomaliza chuo, wanaozungumza Kiha nyumbani, wenye heshima, wanaojua kupiga hodi na kusubiri. Akawafundisha, akawapa vishikwambi vyao, wakapanda bodaboda wakaenda.

Majibu yaliporudi, Profesa Pasikali alicheka kwa furaha mpaka akavua miwani. Vijijini, watoto waliokufa katika wiki ya kwanza walikuwa karibu hakuna! Mradi umeokoa watoto! Akaanza kupiga simu huku na huku, akapanga mkutano mkubwa Kasulu.

Vestina yeye alikuwa bado anaangalia. Kulikuwa na kitu kinamwasha. Takwimu zilisema kwamba Kasulu mjini, pale pale penye hospitali, watoto wachanga hufa wengi kuliko Nyabibuye, kule milimani, ambako mwanamke mwenye uchungu hupakiwa kwenye pikipiki na kupitishwa kwenye matope akiwa amemshika dereva kiuno. Haiingii akilini. Alipomuuliza Profesa, akajibiwa kwamba huenda vijijini wana hewa safi na maziwa.

Hewa safi! Kama hewa safi ingezuia damu kumwagika, Nyabibuye wangekuwa wanaishi milele.

Akampelekea Safina mambo yale, wakiwa wanakunywa chai ya maziwa na maandazi kwenye kibanda cha nyuma ya chuo. Safina akauliza, "Hao wa mjini wanaosema wamefiwa ni akina nani?"

Vestina alikuwa ameshatazama. Wengi walikuwa wa familia za Kiislamu, wenye maduka.

"Ndiyo hapo," Safina alisema. "Sisi kwetu mtoto akitoka akalia hata mara moja, akafa, ataoshwa, atavikwa sanda, atasaliwa, atapelekwa makaburini kama mtu mzima. Mtaa mzima unajua. Ukija kuniuliza nitakwambia, nitafuta machozi, basi. Kwenu je?"

Vestina akaweka kikombe chini. Hakuhitaji kufikiri. Kwao mtoto akizaliwa hukaa ndani na mama yake mpaka siku ya kutolewa nje. Siku hiyo hupelekwa juani, hupewa jina, watu hula na kunywa, na kuanzia hapo ndipo anakuwa mtu. Anayekufa kabla ya siku hiyo hana matanga. Wanaume hawachimbi kaburi. Wanawake wenyewe humzika nyuma ya jiko, kwenye migomba, na mdomo unafungwa. Mama yake hamtaji mbele ya mwanaume yeyote, wala mbele ya mwanamke ambaye hajazaa, asije akamfunga kizazi. Hakuna anayemfundisha mtu mambo haya. Unakua nayo tu.

"Yarabi," alisema Safina, akimtazama. "Na uliwatuma akina nani wakaulize?"

Aliwatuma wavulana na wasichana ambao hawajazaa. Tena wenye adabu! Walipofika kwenye lile swali, je, umewahi kuzaa mtoto aliyekuwa hai kisha akafa, walifanya kile ambacho mtoto yeyote aliyelelewa vizuri Kasanda au Nyabibuye angefanya: waliliruka, wakajaza "hakuna," wakaendelea na swali la choo na maji. Hawakudanganya. Waliheshimu. Mgeni kutoka Dar es Salaam angeuliza bila haya akafukuzwa na mbwa, lakini walau ingejulikana kwamba amefukuzwa. Na Vestina mwenyewe, aliyewafundisha, alipolifikia swali lile darasani alilipita haraka haraka macho yakiwa ukutani. Kosa lake hilo lilimuuma kuliko yote.

Hakukaa kulia. Jumamosi ile ile alimchukua Safina wakaenda Kasanda kwa mama yake kulijaribu swali upya. Pelagia alikuwa jikoni anapepeta maharage. Safina akamwamkia, akakaa chini kwenye mkeka, akashika ungo wa pili, na naye akaanza kupepeta. Vestina akainama kuingia.

"Wewe hujazaa," alisema mama yake. "Toka."

"Mama, hii ni kazi yangu."

"Oya, hapana. Toka nje."

Akatoka. Mtakwimu wa mradi mzima, mwenye shahada mbili na nusu, akasimama kwenye mihogo iliyoanikwa akifukuza kuku. Jikoni alisikia tu maharage yakiruka kwenye ungo, halafu hayakusikika tena. Safina alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akamshika mkono akampeleka mpaka barabarani.

"Wawili," alisema. "Mmoja kabla yako, mwingine baada ya mdogo wako Niyubahwe."

Vestina alikuwa na miaka thelathini na kitu, na maisha yake yote alijua kwamba kwao wamezaliwa wanne. Ameandika wanne shuleni, ameandika wanne kwenye uraia. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi la barabara na suruali yake ya kazini, akalia kwa sauti, waendesha baiskeli wakimpita na kumpa pole bila kujua ni ya nini. Alipomaliza kulia alikuwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyofanya kazi yote iliyofuata.

Akaanza upya. Safari hii hakutuma vijana. Alituma wakunga na manesi waliozaa, wale wale waliokuwa wakimtania, wengi wao wakiwa kwenye likizo zao. Vishikwambi vilibaki ndani ya mikoba. Waliingia jikoni, wakamenya mihogo, wakachambua mboga, na swali liliulizwa mikono ikiwa na kazi. Vestina hakuingia nyumba hata moja. Alikaa nje, kijiji baada ya kijiji, akisubiri. Wanawake walisema. Kumbe walikuwa wanasubiri kuulizwa na mtu anayefaa! Mmoja Nyabibuye alimshika Safina nguo asiondoke, akataka kusimulia tena tangu mwanzo.

Takwimu mpya zilikuwa mbaya. Watoto wachanga wa milimani walikuwa wanakufa wengi kuliko wa mjini, tena kwa mbali, na mradi haukuwa umepunguza kitu cha kujivunia. Profesa Pasikali alizisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alisema, "Hizi ni takwimu za jikoni."

"Ndiko walikozikwa, Profesa. Nyuma ya jiko."

"Vestina, mkutano ni mwezi ujao. Tutatumia za kwanza. Hizi utaziandikia makala siku nyingine, ukishamaliza shahada yako."

"Tukitumia za kwanza, wilaya itasema huku hakuna tatizo. Hata wakunga wachache waliopo watahamishwa."

"Nakuamuru kama msimamizi wako."

"Ng'o," alisema Vestina.

Ndiyo, ng'o! Kwa profesa! Neno hilo lilizunguka chuo kabla ya chai ya saa nne. Mkataba wake na mradi haukuongezwa. Profesa akaacha kumsimamia, ikabidi atafute mwingine, na kila aliyemwendea alikuwa rafiki wa Profesa au alikuwa na safari. Walimu wenzake wakamvuta pembeni wakimwonya, "Dada, usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Akawajibu, "Wakunga wote wako upande wangu. Ninyi ndio mjihadhari." Jeuri? Naam, jeuri. Kuna wakati upole ni dhambi. Lakini usiku alikuwa halali vizuri, maana bila shahada ile hata chuo kingemwacha, na alikuwa hajui kazi nyingine zaidi ya kuhesabu na kulima.

Profesa alipoona amri imeshindwa, akatumia njia ya wakubwa. Alikwenda kwa wazazi. Alifika Kasanda siku ya Jumapili baada ya ibada, na gari la mradi, kreti la soda, sukari, na kitenge cha mama. Mzee Nkunzimana, ambaye hajawahi kutembelewa na profesa, akaazima viti, akaita wazee watatu wa kanisa na majirani. Vestina akapigiwa simu aje haraka. Alipofika na bodaboda akakuta baraza limeshakaa, na msimamizi wake wa zamani anasifia migomba.

Profesa alizungumza vizuri, hilo tusimnyime. Alisema Vestina ni kama mwanawe. Alisema binti ana akili sana ila ametawaliwa na hasira, na sasa anataka kuwaaibisha wanawake wa kwao mbele ya wageni, ionekane kwamba huku watoto wanakufa kama vifaranga na mama zao wanaficha. Wazee wakaguna. Aibu waliielewa.

"Profesa," Vestina alisema, "aibu ni mtoto kufa, au ni kuhesabiwa kwamba amekufa?"

"Vestina!" baba yake alimkemea.

"Mwache, mzee, amezoea," Profesa alicheka kidogo. "Mimi sikuja kugombana. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Kuna takwimu zangu, kuna zake. Tukutane katikati. Tuchukue namba ya kati, sote tuisaini, jina lake liwe la kwanza, na mimi nitarudi kumsimamia mpaka avae joho. Hapo mnaonaje, wazee wangu?"

Waliona vizuri sana. Mmoja akasema hakuna ugomvi uliowahi kuisha bila kila mtu kuachia kidogo. Mzee Nkunzimana alimgeukia binti yake, na uso wake ulikuwa unaomba. Mtu aliyekimbia kalamu maisha yake yote, leo kalamu imekuja nyumbani kwake na soda, inataka amani. Kumkatalia Profesa ilikuwa rahisi. Kumkatalia baba mbele ya wazee wa kanisa ni jambo lingine kabisa, na Profesa alilijua hilo alipolipakia gari lake.

"Hata hivyo," mzee Nkunzimana alisema, akitaka kupoza mambo, "hizo habari za watoto kufa mimi sizijui. Hapa kwangu wamezaliwa wanne, na wote wazima. Mungu asifiwe."

"Asifiwe," wazee waliitikia.

Pelagia alikuwa anapita na sinia la glasi. Akasimama.

"Sita," alisema.

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Mume wake akadhani anazungumzia glasi.

"Nimezaa sita, Baba Vestina. Wa kwanza alikuwa wa kike, na alilia, nilimsikia kwa masikio yangu. Tulimzika mimi na mama yako, na baadaye wa kiume tukamzika hapo hapo, na wewe ulijua, maana ulikaa siku nzima shambani bila jembe." Sinia bado lilikuwa mikononi mwake. Mzee mmoja wa kanisa alitaka kuinuka, akaangalia kama kuna mwingine anayeinuka, akabaki. "Nimewanyamazia mpaka nimezeeka. Nilijua ni heshima. Sasa huyu bwana anakibeba kimya changu kwenda kukisoma mkutanoni, kwamba huku hatuna shida, wakunga wapelekwe kwingine. Hapana. Kimya hicho nilimnyamazia Mungu. Sikumnyamazia yeye."

Mzee Nkunzimana aliinamisha kichwa. Aliangalia mikono yake, akasema polepole, kwa Kiha, kama anayejibu swali la zamani, "Ego. Ni sita."

Vestina alisimama. Alikuwa analia wazi wazi, wala hakujifuta. Alimgeukia msimamizi wake, aliyemtoa mbali na aliyekuja na gari mpaka huku kummaliza kwa upole.

"Haya, Profesa," alisema. "Yako ni wanne. Yetu ni sita. Katikati ni watano. Mama yangu huyo hapo mbele yako. Mwambie ni yupi hakuzaliwa."

Profesa Pasikali alivua miwani, akasema, "Hakuna. Utazisoma zako." Mwezi uliofuata, Kasulu, takwimu zilisomwa zote kama zilivyotoka jikoni, na aliyezisoma ni Vestina; hizo hizo ndizo zilizokuja kumvisha joho.